Malipo ya Awali ya Fidia na Ushahidi wa Wataalamu katika Kesi za Uzembe wa Kitabibu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Mwanza na Kanda ya Ziwa

Ukurasa huu ni wa familia zinazomuuguza mtu aliyeumia akiwa mikononi mwa wahudumu wa afya, na wa wanasheria wanaoanza kushika kesi za aina hii Mwanza, Ukerewe, Sengerema, Geita na kandokando ya ziwa. Namba za sheria tulizotaja ni za matoleo yaliyozoeleka. Toleo la Marekebisho la 2023, lililoanza kutumika Julai 2025, limesogeza baadhi ya vifungu, kwa hiyo wakili wako avihakiki kabla ya kuvinukuu mahakamani.

Je, ninaweza kulipwa sehemu ya fidia kabla kesi haijaisha?

Unaweza, lakini si kwa kuomba tu. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, haina kanuni inayosema wazi kwamba mdai aliyeumia alipwe kiasi fulani wakati shauri likiendelea. Fedha za mapema hapa kwetu hupatikana kwa njia za pembeni: mdaiwa kukiri, makubaliano ya sehemu, au mdaiwa kuweka fedha mahakamani. Njia zote tatu zinategemea jambo moja, nalo ni ripoti ya mtaalamu iliyoandikwa mapema na kwa uzito. Hospitali, bima yake au wakili wa Serikali hatatoa hata shilingi kwa sababu mtoto anatia huruma. Atatoa akiona kwamba kusubiri hukumu kutamgharimu zaidi.

Mbona nimesoma kwamba wagonjwa hulipwa awali? Hiyo ni sheria ya wapi?

Mara nyingi ni ya Uingereza. Kule mahakama inaweza kuamuru malipo ya awali ikiwa mdaiwa amekiri kuwajibika, ikiwa hukumu imeshatoka na kilichobaki ni kukadiria kiasi, au ikiwa mahakama imeridhika kwamba shauri likisikilizwa mdai atapata fedha nyingi. Kiasi hakipaswi kuzidi sehemu ya haki ya kile kinachotarajiwa mwishoni. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya mtoto aliyeumia vibaya, ilisema jaji akadirie kwa tahadhari mafungu ambayo hakika yatalipwa kwa mkupuo (maumivu, gharama zilizokwisha kutumika, makazi), kisha atoe sehemu ya jumla hiyo. Sehemu hiyo inaweza kuwa kubwa, mradi makadirio yenyewe yalikuwa ya chini. Lengo ni kutomfunga mikono jaji wa mwisho, ambaye kule anaweza kuamuru mgonjwa alipwe kila mwaka maisha yake yote.

Mahakama zetu hazifungwi na uamuzi huo. Hata hivyo hesabu yake ni nzuri na unaweza kuitumia mezani kwenye usuluhishi: dai kwanza yale ambayo upande wa pili hawezi kuyabishia.

Basi hapa kwetu njia ni zipi hasa?

Ya kwanza ni hukumu kwa kukiri. Amri ya XII ya Sheria ya Mwenendo wa Madai (sheria hiyo imegawanywa katika sehemu ziitwazo Amri) inamruhusu mdai kuomba hukumu au amri juu ya jambo ambalo mdaiwa ameshalikubali, bila kusubiri mengine yaamuliwe. Soma utetezi wa maandishi mstari kwa mstari. Kuna utetezi unaokana uzembe lakini unakubali kwamba pamba ilitolewa tumboni katika upasuaji wa pili, au unakubali gharama za upasuaji huo. Hapo pana cha kushika. Kukiri kuwe wazi, kusiwe na tafsiri mbili. Barua ya pole kutoka kwa mganga mfawidhi haitoshi.

Ya pili, ambayo ndiyo inayofanya kazi mara nyingi zaidi, ni makubaliano ya sehemu. Amri ya XXIII inaruhusu wadaawa (pande za kesi) kumaliza shauri lote au sehemu yake kwa makubaliano, na mahakama ikayaingiza kwenye tuzo, yaani hati rasmi ya uamuzi wake. Kwa kuwa mashauri ya madai hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi wa mahakama, hiyo ndiyo siku ya kuweka pendekezo: “Tulipeni gharama za matibabu zilizokwisha kutumika na za miezi sita ijayo, suala la fidia ya jumla libaki mahakamani.” Nenda na ripoti ya mtaalamu, risiti zilizopangwa kwa tarehe, na rasimu ya makubaliano iliyochapwa tayari.

Ya tatu haijulikani sana, na mawakili wengi huipita. Amri ya XXIV inamruhusu mdaiwa, wakati wowote, kuweka mahakamani kiasi anachoona kinamaliza dai. Mdai anaweza kuomba alipwe kiasi hicho, akasema amekipokea kama sehemu tu, na akaendelea kudai salio. Lakini iangalie vizuri: mahakama ikija kuona kwamba kilichowekwa kilitosha, mdai hubeba gharama za kesi zilizotumika baada ya fedha kuwekwa. Tena, riba haihesabiwi kwa kiasi kilichowekwa tangu siku uliyopewa taarifa. Kabla ya kuzigusa fedha hizo, kaa na wakili mpige hesabu ya salio mnaloamini mnaweza kulithibitisha.

Wapo wanaofungua maombi madogo chini ya kifungu cha 68(e) na cha 95 vya sheria hiyohiyo, wakiiomba mahakama itumie mamlaka yake ya asili. Hayakatazwi. Ila bila kukiri kwa mdaiwa na bila ripoti ya mtaalamu kuambatishwa kwenye kiapo, tunayaona kuwa njia ya kupoteza miezi.

Kuna hatari gani kupokea fedha mapema?

Hatari kubwa imo kwenye maneno ya karatasi unayosaini. Likiwemo neno linalosema umepokea “malipo kamili na ya mwisho”, umefunga mlango. Hati ya malipo ya sehemu itaje mambo haya bila kuzunguka: kiasi, ni cha gharama zipi, kwamba kitakatwa kwenye fidia ya mwisho, kwamba mdai hajaacha dai lolote lililobaki, na itakuwaje akishindwa kesi (je, anarudisha au harudishi). Hilo la mwisho husahaulika, halafu familia iliyokwisha kununua kiti cha magurudumu inadaiwa fedha.

Kwa mtoto, tahadhari ni mbili. Mtoto hushitaki kupitia rafiki wa karibu, kwa kawaida mzazi, na mzazi huyo hana mamlaka ya kumaliza shauri la mtoto au kupokea fedha zake bila idhini ya mahakama. Makubaliano yaliyosainiwa kwenye ofisi ya hospitali bila idhini hiyo yanaweza kubatilishwa, na aliyelipa anajua hivyo.

Niombe kiasi gani cha awali?

Omba matumizi ya muda maalumu, usiombe “kitu kidogo cha kujikimu”. Chukua miezi sita. Tuseme mtoto wa miaka miwili mwenye mtindio wa ubongo anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe. Bei hizi ni za mfano, weka zako:

- Mazoezi ya viungo mara 2 kwa wiki, 15,000 kila mara, wiki 26: 780,000
- Safari moja kila mwezi kwenda kliniki Mwanza, mama na mtoto, 40,000 kwenda na kurudi: 240,000
- Nepi 5 kwa siku, 700 kila moja, siku 182: 637,000
- Msaidizi wa nyumbani, 150,000 kwa mwezi: 900,000
- Kiti maalumu cha kukalia, mara moja: 600,000

Jumla ni shilingi 3,157,000. Kila mstari uwe na karatasi nyuma yake: risiti ya EFD, tiketi ya meli, ankara ya fundi, barua ya mtaalamu wa mazoezi inayosema mara ngapi kwa wiki na kwa nini. Bodaboda hatoi risiti. Fungua daftari, andika tarehe, alikotoka, alikofika na kiasi siku hiyohiyo. Daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja usiku mmoja hujulikana.

Matumizi yaliyolipwa na NHIF si yako kuyadai kama uliyatoa mfukoni, yatenge. Na kumbuka msimamo wa Mahakama ya Rufani wa miaka mingi: fidia maalumu, yaani matumizi na hasara zinazohesabika, lazima itajwe wazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu, shilingi kwa shilingi. Fidia ya jumla, yaani maumivu na kupotewa na raha ya maisha, ni ya busara ya mahakama.

Kwa nini lazima niwe na mtaalamu? Si kila mtu anaona mtoto ameumia?

Kuumia si uzembe. Mdai anapaswa kuonyesha, kwa uwiano wa uwezekano, mambo matatu: mhudumu alikuwa na wajibu kwake, alifanya chini ya kiwango cha mhudumu wa kada yake, na kufanya huko ndiko kulikoleta madhara. La pili na la tatu hakimu hawezi kuyajua kwa macho. Kipimo kinachonukuliwa mahakamani ni kile cha kesi ya Bolam ya Uingereza ya 1957: daktari hakuzembea kama alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani hiyo. Kesi ya Bolitho ya miaka ya 1990 iliongeza kwamba utaratibu huo uwe na mantiki. Haitoshi kusema “sisi wote hufanya hivi”.

Yapo machache yanayojieleza yenyewe, kama pamba au mkasi kubaki tumboni, au kukatwa mguu usio na ugonjwa. Hata hapo utahitaji mtaalamu wa kusema madhara yalikuwa makubwa kiasi gani.

Nani anakubalika kuwa mtaalamu?

Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inapokea maoni ya mtu mwenye ujuzi wa pekee, iwe kwa masomo, mafunzo au uzoefu. Haisemi lazima awe profesa. Kama lawama ni za mkunga wa zahanati, mkunga mwandamizi aliyeongoza wodi ya wazazi miaka mingi ni shahidi bora kuliko bingwa wa hospitali ya rufaa ambaye hajawahi kuzalisha mahali pasipo na umeme. Kiwango hupimwa kwa mhudumu wa kada ileile katika mazingira yaleyale, pamoja na swali la kama alipaswa kutoa rufaa mapema.

Maoni ya mtaalamu hayamfungi hakimu. Hakimu akiyakataa, atoe sababu.

Nahitaji wataalamu wangapi?

Kesi ya kuvunjika mfupa uliofungwa vibaya inaweza kwenda na mmoja. Kesi ya mtoto aliyeumia wakati wa kuzaliwa kwa kawaida huhitaji watatu: bingwa wa uzazi au mkunga (kiwango cha huduma), bingwa wa watoto au wa mishipa ya fahamu (chanzo cha madhara), na mtaalamu wa tiba ya viungo (mahitaji na gharama). Usimlazimishe mmoja asemee yote. Wakili wa upande wa pili atamuuliza lini mara ya mwisho alizalisha, na ushahidi wote utayumba.

Mtaalamu anatafuta nini kwenye faili la uzazi?

Karatasi ya kwanza kuiomba ni patografu, yaani chati ya maendeleo ya uchungu. Ni ukurasa mmoja, lakini ndio unaoonyesha saa kwa saa nani alimwangalia mama. Kwenye ile inayotumika sana, njia ya uzazi ikifunguka kufikia sentimita 4 mkunga huanza kuchora. Mstari wa tahadhari unapanda sentimita 1 kila saa, na mstari wa kuchukua hatua uko saa 4 kulia kwake. Mapigo ya moyo wa mtoto huandikwa kila nusu saa. Shinikizo la damu la mama kila saa 4. Maji ya uzazi huandikwa kwa herufi: C ni meupe, M yana kinyesi cha mtoto, B yana damu. Mwongozo mpya wa WHO wa 2020 umebadilisha mpango huo na unaanza sentimita 5, kwa hiyo mtaalamu lazima aseme fomu ipi ilikuwa ikitumika kituoni tarehe hiyo. Kumhukumu mkunga kwa fomu ambayo hakuwa nayo ni kosa linaloangusha ripoti.

Kisha anatazama yasiyosemwa. Mapigo 140, 140, 140 mfululizo kwa saa sita, kwa mwandiko uleule uliotulia, yanaonyesha karatasi iliyojazwa baadaye. Pengo la saa tatu usiku wakati wa kubadilishana zamu lina maana. Mstari wa uchungu ukivuka ule wa kuchukua hatua na hakuna daktari aliyeitwa, hapo ndipo penye kesi. Patografu inalinganishwa na kitabu namba 12 cha MTUHA (rejista ya wazazi ya mfumo wa taarifa za afya), rejista ya chumba cha upasuaji, kadi ya kliniki ya mama na barua ya rufaa. Saa zikipishana kati ya vitabu viwili, mtaalamu aandike tofauti hiyo kwa dakika.

Baada ya hapo linakuja swali gumu la chanzo. Watoto wengi wenye mtindio wa ubongo hawakuupata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Kuna kuzaliwa njiti, manjano kali, homa ya uti wa mgongo, malaria kali. Vituo vingi havipimi damu ya kitovu, hivyo bingwa wa watoto hutegemea alama za Apgar (za hali ya mtoto mara baada ya kuzaliwa) za dakika ya 5 na ya 10, kama mtoto alipuliziwa hewa, kama alipata degedege siku ya kwanza au ya pili, kama alishindwa kunyonya, na picha ya MRI ikiwepo. Ripoti isiyoyataja na kuyaondoa magonjwa mengine moja moja haitavuka maswali ya upande wa pili.

Ripoti huharibika wapi?

Mara nyingi pale mtaalamu anapoandika “kulikuwa na uzembe” na kuishia hapo. Neno hilo ni la hakimu. Kazi ya mtaalamu ni kusema kilichopaswa kufanyika, saa ngapi, kwa mwongozo upi, nini kilifanyika badala yake, na kama kingefanyika mtoto angekuwaje. Aorodheshe kila karatasi aliyoisoma. Aseme pia yale yanayoukinga upande wa hospitali. Ripoti inayomlaumu kila mtu huaminiwa kidogo.

Makosa mengine ni ya kimahakama. Nyaraka iliyoambatishwa kwenye hati ya madai bado si ushahidi mpaka ipokelewe kama kielelezo. Aliyeandika ripoti aje mwenyewe aitoe na aulizwe maswali. Mama wa mtoto hawezi kuitoa kwa niaba yake. Malipo ya mtaalamu yaandikwe kwenye mkataba na yasitegemee ushindi. Ripoti ikiwa ya Kiingereza, mtaalamu awe tayari kuieleza kwa Kiswahili, kwani tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama.

Huku madaktari wote wanajuana. Nitampata wapi atakayesema ukweli?

Wasiwasi huo ni wa kweli. Wengi wamesoma chuo kimoja au wamefanya kazi pamoja. Tafuta nje ya kanda: Muhimbili, KCMC, Dodoma, Mbeya. Mwambie mapema majina ya wanaolalamikiwa, na aandike kwenye ripoti kama anawafahamu. Umbali si kikwazo kikubwa tena. Kanuni za 2021 zinaruhusu shahidi kusikilizwa kwa mtandao wa video. Omba mapema, hakikisha huko aliko kuna mtu wa kumwonyesha vielelezo halisi.

Daktari aliyemtibu mgonjwa baadaye ni shahidi wa alichokiona. Usimgeuze kuwa mtaalamu huru, hasa kama anafanya kazi chini ya mwajiri yuleyule.

Hospitali imekataa kunipa faili. Nifanyeje?

Andika barua kwa mganga mfawidhi, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Taja kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mhusika haki ya kuziona taarifa zake. Omba nakala ya faili zima, patografu, karatasi ya dawa, fomu ya ridhaa, maelezo ya upasuaji na kurasa husika za rejista. Wakiendelea kukataa, baada ya kufungua shauri omba amri ya kuonyesha nyaraka. Picha za simu na ujumbe wa WhatsApp zinapokelewa, mradi uthibitishe zilivyopatikana na kutunzwa. Usiuze simu hiyo.

Nimshitaki nani, wapi, na kwa muda gani?

Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa mtoto muda huanza kuhesabiwa akitimiza umri wa utu uzima, ila usisubiri: faili litakuwa limepotea na mkunga amehamia Kigoma.

Kituo cha Serikali, iwe Sekou Toure au zahanati ya halmashauri kisiwani, kinahitaji notisi ya siku 90 kabla ya kushitaki, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, asipounganishwa mwenendo unaharibika, na shauri hufunguliwa Mahakama Kuu. Panga notisi iishe mapema ndani ya ile miaka 3.

Hospitali za dini zina mtego wake. “Hospitali ya Mtakatifu fulani” inaweza isiwe mtu kisheria. Anayeshitakiwa ni wadhamini waliosajiliwa. Katika hospitali kama Bugando, ambayo ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki na huendeshwa kwa ushirikiano na Serikali, uliza pia mhudumu husika ameajiriwa na nani. Jina likikosewa shauri huondolewa, na muda unaendelea kukatika.

Kwa kituo binafsi, mahakama za wilaya na za hakimu mkazi husikiliza madai ya fedha hadi shilingi milioni 200. Kinachopima mamlaka ni fidia maalumu, si fidia ya jumla. Kuandika bilioni moja ya maumivu hakukupeleki Mahakama Kuu.

Nimelalamika Baraza la Madaktari. Hiyo inatosha?

Haitoshi. Baraza la Madaktari Tanganyika, na lile la Uuguzi na Ukunga, huadhibu na kufuta usajili, hayatoi fidia. Wala lalamiko halisimamishi muda wa kufungua kesi.

Mgonjwa amefariki. Kuna tofauti?

Omba uchunguzi wa mwili kabla ya mazishi, hata kama ndugu wanaharakisha msiba. Bila huo, chanzo cha kifo kitabaki ubishi. Kisha fungua mirathi ili apatikane msimamizi. Madai ya wategemezi wa marehemu hufuata Sura ya 310, sheria inayohusu fidia ya vifo.

Tumeshinda, wamekata rufaa. Fedha zinatoka lini?

Rufaa yenyewe haizuii kukazia hukumu, yaani kuitekeleza ili ulipwe. Mdaiwa anayetaka utekelezaji huo usimamishwe lazima aombe na atoe dhamana. Mweleze wakili wako adai dhamana ya fedha taslimu au ya benki, na apendekeze sehemu isiyobishaniwa, mfano gharama za matibabu zenye risiti, ilipwe sasa. Riba ya hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka hadi siku ya malipo. Dhidi ya Serikali huwezi kukamata gari la wagonjwa wala akaunti. Unaomba hati ya mahakama inayothibitisha deni, unaiwasilisha kwa taasisi husika, na unaifuatilia kwa barua kila mwezi ukibaki na nakala yenye mhuri.